Seoul, Cheongju, Gyeongju: safari ya kufuata vilivyochukuliwa vikarudi

Nimerudi Kilifi, picha nimezipanga, na daftari limeanza kukauka baada ya kulowa mvua ya Gyeongju. Walioniuliza nilifuata nini Korea Kusini, jibu ni hili: mdogo wangu anasoma Cheongju, na mimi kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia habari za vigango vyetu. Kwa wasiovijua, kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, Mijikenda huisimika kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Mwaka 2007 familia moja ya Kilifi ilirudishiwa viwili vilivyokuwa Marekani, na mwaka 2019 makumbusho ya Denver yakarudisha vingine 30. Wakorea wamepoteza vingi kuliko sisi, wamerudishiwa vingi kuliko sisi, na nilitaka kuona wanaviwekaje vikishafika nyumbani.

Jumanne, 11 Novemba 2025. Incheon hadi Seoul

Viza kwanza, maana ndipo wengi hukwama. Kile kibali cha mtandaoni ni cha raia wa nchi zilizosamehewa viza. Mkenya anaomba viza ubalozini Nairobi. Mimi nilipeleka taarifa za benki, barua ya kazini na barua ya mwaliko ya mdogo wangu. Anza mapema.

Mombasa hadi Nairobi nilipanda treni, kisha ndege ya kupitia Addis Ababa. Ndege ya pili ilichelewa, tukakaa kwenye viti vigumu hadi macho yakawa mekundu. Ya angani hayana la kusimulia.

Uwanja wa Incheon uko mbali na mji. Treni inayosimama vituo vyote huchukua kama saa nzima hadi Seoul Station, kwa won 4,000 na ushee. Kwa hesabu ya siku zile, won 1,000 zilikuwa karibu shilingi 88 za Kenya. Nunua kadi ya T-money kwenye duka lolote dogo pale uwanjani na uijaze kwa noti. Itakulipia treni za chini ya ardhi na mabasi nchi nzima. Safari moja fupi ya treni ya mjini Seoul ni won 1,550.

Baridi ilinipiga nilipotoka ngazini. Nilikuwa na sweta moja la Limuru na leso kichwani. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja taa za barabarani alinitazama mikono, akafungua mkoba, akanitilia kiganjani kifuko kidogo kinachojipasha moto chenyewe. Hakusema neno nililolielewa. Taa zikageuka kijani, akavuka na kwenda zake. Kifuko kile kilinitunza hadi usiku wa manane.

Chumba kilikuwa won 45,000, kidogo, safi, sakafu yake ina joto. Nililala chini kwa makusudi.

Jumatano, 12 Novemba. Makumbusho ya Taifa, Yongsan

Nilichagua Jumatano kwa sababu Jumatano na Jumamosi Makumbusho ya Taifa ya Korea hufungwa saa tatu usiku. Kiingilio cha maonyesho ya kudumu ni bure. Unashuka kituo cha Ichon, unafuata njia ya chini ya ardhi hadi uani kwa makumbusho. Nilifika kabla ya saa nne asubuhi, watoto wa shule wamejipanga mistari yenye kofia za njano.

Ukiingia tu, mwisho wa ukumbi mrefu unauona mnara wa hekalu la Gyeongcheonsa: ghorofa kumi za marumaru, urefu wa mita 13.5, umechongwa kila upande watu, mawingu na vipaa vidogovidogo. Ulijengwa mwaka 1348, enzi za ufalme wa Goryeo, karibu na Kaesong ambako leo ni Korea Kaskazini. Mwaka 1907 Tanaka Mitsuaki, waziri wa kasri la mfalme wa Japani, alikuja Korea kwa ajili ya arusi ya mrithi wa ufalme wa Korea, na watu wake wenye silaha wakaubomoa mnara kipande kwa kipande wakausafirisha hadi Japani. Waliopaza sauti ni waandishi wawili wa kigeni, Mwingereza Ernest Bethell na Mmarekani Homer Hulbert. Mwaka 1918 mnara ukarudishwa, umevunjikavunjika. Ulisimamishwa tena mwaka 1960 ukizibwa kwa saruji, ukabomolewa mwaka 1995 ili utengenezwe vizuri, na kazi hiyo ikachukua miaka kumi. Makumbusho haya ya Yongsan yalipofunguliwa mwaka 2005, mnara tayari ulikuwa umesimama ndani.

Kilichonikalisha pale benchini ni kwamba habari hizo za wizi ni sehemu ya masimulizi ya mnara wenyewe. Mtoto wa darasa la nne anasikia nani alichukua, lini, na nani alipigania urudi. Sijaona tukifanya hivyo kwetu kwa uwazi kama ule.

Ghorofa ya pili kuna chumba cha Uigwe. Hivi ni vitabu vya kumbukumbu za sherehe za kifalme za enzi ya Joseon, ufalme uliofuata Goryeo: arusi, maziko, ujenzi wa kasri, kila kitu kimeandikwa hadi idadi ya farasi na bei ya karatasi. Nakala zilizotengenezwa kwa macho ya mfalme mwenyewe zilifungwa kwa hariri ya kijani na vyuma vya shaba. Maandamano yamechorwa kurasa kwa kurasa, mpeperusha bendera, mpiga ngoma, mbeba machela, kila mtu na mavazi yake. Vilihifadhiwa kisiwani Ganghwa. Mwaka 1866 majeshi ya majini ya Ufaransa yalivamia kisiwa kile, yakachoma maktaba na kubeba vitabu hivi. Miaka ikapita vikadhaniwa vimepotea, hadi mwaka 1975 Park Byeong-seon, mama wa Kikorea aliyekuwa akifanya kazi kwenye maktaba ya taifa ya Ufaransa, alipoviona katika ghala. Rais Mitterrand alirudisha kimoja mwaka 1993, wakati Wafaransa wakitafuta kuuza treni zao za kasi huko. Vilivyobaki, 296, vilifika mwaka 2011, na mama yule akafariki miezi michache baadaye mwaka huohuo.

Lakini vimerudi kwa mkopo. Kila miaka mitano mkopo unaongezwa. Kisheria bado ni mali ya Ufaransa. Nilisimama mbele ya kioo nikijiuliza kama mimi ningekubali masharti hayo kwa ajili ya Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na mpaka leo ipo ghalani London. Nadhani ningekubali, ili wazee waisikie kabla hawajaondoka, kisha ningeendelea kudai.

Chakula cha mchana mkahawani pale pale: bibimbap ya uyoga na mboga, won 12,000, unakoroga mwenyewe wali na pilipili yao nzito. Kwa wasiokula nguruwe kama mimi, bibimbap ya mboga ndiyo kimbilio. Mtaa wa Itaewon, wenye msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, una hoteli kadhaa za chakula halali, na si mbali na makumbusho.

Jioni nilikwenda ghorofa ya tatu kutazama vyombo vya udongo vya seladoni vya Goryeo, vile vya kijani kinachoelekea buluu. Kuna chetezo kimoja ambacho mfuniko wake ni tufe lililotobolewa kwa nakshi, nacho kimebebwa na sungura watatu wadogo. Sisi wa pwani kijani hicho hatukigeni. Vigae vya seladoni ya Kichina vimefukuliwa Gede, na kule Mambrui kuna kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya kauri. Wafinyanzi wa Korea walijifunza kwa Wachina, kisha wakabuni ya kwao: kuchonga maua na korongo kwenye udongo mbichi, kujaza mchongo kwa udongo mweupe na mweusi, ndipo wanapaka rangi na kuchoma.

Mzee mmoja wa kujitolea, mwenye beji kifuani na Kiingereza cha taratibu, aliniona nikiandika akauliza natoka wapi. Niliposema Kenya, pwani, alitoa simu na kunionyesha picha ya ramani iliyochorwa Korea mwaka 1402. Ya asili ilipotea, nakala ya zamani zaidi iko Kyoto. Upande wa kushoto, Afrika ipo, nyembamba, ncha yake ya kusini inaelekea baharini, na katikati ziwa kubwa mno. Karibu karne nzima kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498! Wachoraji waliipata Afrika kupitia ramani za Kichina zilizobeba elimu ya Waislamu. Mzee alikuza picha hadi pwani yetu ikajaa kioo, akaniachia simu nitazame nitakavyo.

Taji la dhahabu la Silla, ufalme wa kale wa Korea, ambalo ni fahari ya jengo hili, halikuwepo. Lilikuwa limekwenda Gyeongju, na ndiko nilikokuwa nikielekea.

Kabla ya kutoka niliingia chumba chenye giza ambamo bodisatva wawili wa shaba, sanamu za watakatifu wa Kibudha, wamekaa peke yao, kidole shavuni, wakiwaza. Hakuna vioo vya kuwazuia. Nenda saa mbili usiku, watu wakiwa wameanza kupungua.

Alhamisi, 13 Novemba. Gyeongbokgung na Yanghwajin

Mji ulikuwa kimya ajabu. Mwenye nyumba alinieleza kwa programu ya kutafsiri: leo ni mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu. Ofisi nyingi hufunguliwa saa nne ili barabara ziwe wazi kwa watahiniwa, polisi huwabeba waliochelewa, na mchana ndege haziruki wala kutua kwa dakika 35 wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Nje ya lango la shule moja nilimkuta mama amekumbata mikono, anasali akitazama ukuta. Niliwakumbuka watahiniwa wetu wa KCSE, nao wakiwa katikati ya karatasi zao wiki hiyo hiyo.

Kasri la Gyeongbokgung ni won 3,000. Ukivaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, unaingia bure, na maduka ya kukodi nguo hizo yamezunguka pale. Hufungwa Jumanne. Lilijengwa mwaka 1395, likaungua mwaka 1592 wakati wa uvamizi wa Wajapani, likakaa magofu hadi lilipojengwa upya miaka ya 1860. Mnamo 1926 serikali ya kikoloni ya Japani ilikamilisha jengo lake kubwa la mawe mbele kabisa ya ukumbi wa enzi, ili anayetoka mjini asilione kasri. Baada ya uhuru jengo lile lilitumika kwa mambo mbalimbali, na kuanzia mwaka 1986 likawa ndilo Makumbusho ya Taifa. Kisha, tarehe 15 Agosti 1995, miaka 50 tangu ukoloni uishe, wakaanza kulibomoa.

Nilisimama uani nikitafuta lilipokuwa. Hakuna hata alama, ni uwanja wa changarawe na milima nyuma. Sisi Fort Jesus ya Wareno tuliiacha. Waingereza waliigeuza gereza, na baadaye ikawa makumbusho. Naipenda Fort Jesus, nimekulia kuizuru. Lakini Fort Jesus haikujengwa juu ya kiti cha enzi cha mtu. Nadhani hapo Wakorea walikuwa na haki yao, japo najua wapo waliotaka jengo libaki kama ushahidi.

Pembeni mwa lango kuna Makumbusho ya Kasri la Kifalme, bure. Usikose jiwe jeusi la mwaka 1395 lililochorwa anga lote la nyota.

Alasiri nilipanda treni hadi Hapjeong, nikatembea hadi makaburi ya wageni ya Yanghwajin. Hayamo kwenye orodha za watalii wengi, hufungwa Jumapili, kiingilio hakuna. Bethell amezikwa hapo tangu 1909. Hulbert alirudi Korea uzeeni mwaka 1949, akafariki siku chache baadaye, naye yupo hapo. Mnara wa marumaru nilioukalia benchi jana yake haungekuwepo Yongsan bila kelele za watu hawa. Mlinzi alinipeleka mwenyewe hadi makaburi yote mawili, kisha akanipa chai ya shayiri kibandani kwake kwa kuwa midomo ilikuwa imeanza kunitetemeka.

Chakula cha jioni: tambi nene kwenye supu ya kome, won 10,000, na kachumbari yao ya kabichi unaongezewa bila malipo.

Ijumaa, 14 Novemba. Cheongju

Basi kutoka Seoul hadi Cheongju ni kama saa moja na nusu, won 10,000 na kitu, viti vipana. Mdogo wangu alikuwa stendi ananingoja. "Dada, umekonda," akasema, kabla hata ya salamu. Tukaweka mizigo bwenini na kwenda moja kwa moja Makumbusho ya Uchapaji wa Kale.

Haya yamejengwa kwa ajili ya kitabu ambacho hakimo. Jikji, mafundisho ya Kibudha yaliyokusanywa na mtawa Baegun, kilichapwa mwaka 1377 katika hekalu la Heungdeoksa kwa herufi za metali zinazopangwa na kupanguliwa. Ndicho kitabu kongwe kilichosalia duniani kilichochapwa kwa njia hiyo, zaidi ya miaka 70 kabla ya Biblia ya Gutenberg. Juzuu moja tu limesalia, la pili, nalo liko Paris. Mwanadiplomasia wa Ufaransa aitwaye Victor Collin de Plancy alilipata Korea akaondoka nalo, likauzwa mnadani mwaka 1911, likaishia maktaba ya taifa mwaka 1950. Kwa kuwa halikuporwa kwa bunduki, Wafaransa hawaoni sababu ya kulirudisha. Hekalu lenyewe lilikuwa limesahaulika hadi magofu yake yalipotambuliwa mwaka 1985, na makumbusho yakajengwa kando.

Walichonacho ni namna ya kufanya, na wanaionyesha kwa sanamu za watu wenye kimo kamili. Herufi inachongwa kwenye nta ya nyuki, inafunikwa udongo, inachomwa ili nta iyeyuke itoke, kisha shaba iliyoyeyushwa inamiminwa mahali pa nta. Ndiyo njia ya mafundi wa Benin, Nigeria, ambao kazi zao ziliporwa mwaka 1897. Dada mmoja wa makumbusho alitupa karatasi, tukapaka wino na kuchapa ukurasa. Wangu ulitoka na doa, akasisitiza nichape mwingine.

Jioni, tukila viazi vitamu vya kuchoma vya barabarani (won 3,000 viwili, vitamu kama tende), tulibishana. Mdogo wangu alisema vigango vilivyorudi viwekwe nyuma ya kioo kama Uigwe, visiibwe tena. Mimi nikamwambia kigango si kitabu. Kilisimikwa kiliwe na mchwa na kianguke chenyewe, na asiyepaswa kukigusa asikiguse. "Sawa, dada, lakini ukikisimika usiku, asubuhi hakipo." Hilo sikuwa na jibu lake, na bado sina.

Jumamosi, 15 Novemba. Gyeongju

Basi la mji hadi kituo cha Osong, kisha treni ya kasi, saa moja na dakika chache. Tiketi za wikendi hununuliwa mapema kwenye tovuti ya shirika la reli. Sisi tulipata viti vya mabehewa tofauti. Na kwa ramani, tumia Naver, maana Google haikutupa njia ya kutembea kwa miguu huko.

Makumbusho ya Gyeongju yalikuwa na maonyesho yaliyovuta nchi nzima: mataji yote sita ya dhahabu ya Silla kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu la kwanza lilipofukuliwa mwaka 1921. Kuingia kulikuwa bure lakini kwa tiketi za saa maalumu, na idadi ilikuwa na kikomo. Foleni ilikuwa imezunguka ua kabla milango haijafunguliwa, na mvua ikaanza. Familia moja ya Busan ilitufunika kwa mwavuli wao mkubwa, baba akatuletea vikombe vya kahawa, watoto wakauliza kama kwetu kuna theluji. Tiketi tulizopata zilikuwa za alasiri.

Mkipata saa za kungoja kama sisi, msiondoke. Uani kuna kengele ya Mfalme Seongdeok, ya mwaka 771, uzito wa tani 18.9. Haipigwi ovyo siku hizi. Sauti iliyorekodiwa husikika kutoka kwenye spika, nzito, inapanda miguuni. Ndani kuna sime ya dhahabu iliyopachikwa vito vyekundu, ya kazi ya Asia ya Kati, iliyopatikana kwenye kaburi la papa hapa Gyeongju. Silla ilikuwa mwisho wa njia ndefu za biashara, na makaburi yake yalitoa hata vyombo vya kioo vya kutoka upande wa Bahari ya Kati.

Kisha mataji. Chumba cheusi, kila taji na kioo chake. Vyuma vyembamba vya dhahabu vimesimama kama matawi ya mti, vingine kama pembe za paa, na kwenye mengi yamening'inia mawe ya kijani yaliyopinda. Lile dogo la kaburi la Geumnyeongchong lilikuwa la mtoto. La Gyodong, sahili kuliko yote, lilichimbwa na mwizi wa makaburi likanaswa baadaye. La Seobongchong lilifukuliwa mwaka 1926, mrithi wa ufalme wa Sweden akiwa miongoni mwa wachimbaji. Miaka ya 1930 mkuu wa makumbusho ya Pyongyang, chini ya Wajapani, alimvisha taji hilo mwanamke wa kutumbuiza karamuni na picha ikatoka magazetini. Nililitazama hilo kuliko mengine yote. Nusu saa ya kundi letu ilipita upesi, mlinzi akatuinamia kutuomba tutoke.

Tulikausha nguo kwenye duka la mikate ya hwangnam, inayotengenezwa mjini hapa tangu 1939: ganda jembamba, ndani maharagwe mekundu yaliyopondwa na sukari. Nunua ya moto.

Jumapili, 16 Novemba. Kurudi

Asubuhi tulipita katikati ya makaburi ya Daereungwon, vilima vya kijani kwenda juu kuliko nyumba za jirani. Kiingilio cha bustani ni bure, ila kuingia ndani ya kaburi la Cheonmachong ni won 3,000. Kisha treni hadi Seoul, mdogo wangu akashukia Osong.

Kwa ndani ya Korea nilitumia karibu won 430,000, malazi yakila zaidi ya theluthi. Kiingilio cha makumbusho kilikuwa sehemu ndogo kabisa ya hesabu, na hilo lilinifurahisha kwa ajili ya wale watoto wa kofia za njano.

Nimepiga picha maelezo ya ukutani ya kila kitu kilichowahi kuchukuliwa kikarudi, na nayatafsiri. Baada ya mwaka mpya nitayapeleka kwa wazee wa Kaloleni, wale wanaosubiri kuambiwa vigango vya Denver vitasimama wapi, na nakala nyingine kwa yeyote wa makumbusho yetu ya pwani atakayezitaka.